Ndege Mbili, Wingu Moja: Kwa Nini Moja Hutua na Nyingine Hugeuza

Msafiri anayeruka kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, akiwa ameketi upande wa kulia wa ndege katika siku isiyo na mawingu, huiona kwa mbali milima ya Usambara ikisimama kama ukuta juu ya tambarare ya Mkomazi. Naye mkazi wa Lushoto anayefika jioni kwenye jabali la Irente, mahali ambapo ardhi huporomoka takriban mita 1,000 hadi Mazinde, huweza kuiona ndege ikipita na taa zake upande wa machweo. Kwa wote wawili jambo hilo huonekana jepesi: ndege inajua iendako. Ukungu unapoifunika milima, mkazi wa Irente haoni hata mti ulio mbele yake, na msafiri haoni hata bawa. Ndege huendelea na safari.

Miongoni mwa maswali ambayo abiria huuliza, lipo moja ambalo mara nyingi huulizwa kwa hasira. Ndege ilikaribia uwanja, ikashuka, ikapaa tena, ikazunguka, kisha ikawapeleka abiria wake katika mji mwingine. Dakika chache baadaye ndege ya shirika jingine ikatua palepale, katika wingu lilelile. Je, rubani wa kwanza alikuwa mwoga? Au shirika liliwadanganya abiria kuhusu hali ya hewa?

Mara nyingi si moja wala si jingine. Tofauti ya ndege hizo mbili imo katika mambo ambayo abiria hayaoni: vifaa vilivyomo ndani ya ndege, idhini iliyotolewa kwa shirika, na mafunzo waliyopata wahudumu wa chumba cha rubani na watu wa ardhini wanaowaongoza. Katika kurasa hizi tunaeleza mambo hayo, na zaidi hilo la mwisho, kwa kuwa ndilo linalosahaulika upesi kuliko mengine.

Kufuata moto kilima baada ya kilima

Kwa miongo mingi ndege ziliongozwa na mitambo ya redio iliyosimikwa ardhini. Rubani alielekea kwenye mtambo mmoja, akafika juu yake, akageuka kuelekea mwingine, mfano wa mtu anayetembea usiku kwa kufuata moto unaowashwa kilima baada ya kilima. Njia hii ilifanya kazi na bado inatumika. Hata hivyo ina udhaifu wake. Kadiri ndege inavyokuwa mbali na mtambo ndivyo kosa la mahali linavyopanuka, na mitambo yenyewe haiwezi kuwekwa kila mahali. Katika nchi ya milima, njia iliyopimwa namna hii hulazimika kuwa pana sana na kupita juu sana, ili kosa lolote lisiifikishe ndege kwenye mwamba.

Nchi yetu ina kumbukumbu chungu za zama hizo. Mwezi Mei 1955, ndege aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga kilele cha Mawenzi katika mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwamo walifariki. Ajali za namna hii, ambamo ndege isiyo na hitilafu hugonga mlima kwa sababu waliomo hawajui mahali walipo hasa, ziliwahi kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya vifo katika usafiri wa anga duniani kote.

Siku hizi ndege nyingi za abiria hutambua mahali zilipo kwa kutumia setilaiti pamoja na vifaa vyake vya ndani. Hazilazimiki kupita juu ya mtambo wowote. Chora mstari mnyoofu kwenye ramani kutoka Tanga hadi Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro: utavuka Usambara ya Magharibi upande wa Mlalo na Mtae, kisha utaambatana na milima ya Upare. Zamani mstari huo ungehitaji mitambo ya kuushikilia. Sasa unaweza kuwekwa katika kompyuta ya ndege kama mfululizo wa nukta angani, kila moja ikiwa na jina lake, na ndege ikazifuata.

Lakini kuweza kuchora mstari si sawa na kuweza kuufuata. Ndipo lilipozaliwa wazo ambalo wataalamu huliita urambazaji wa kiutendaji. Swali la zamani lilikuwa, ndege hii ina kifaa gani? Swali la sasa ni, ndege hii, pamoja na watu wake, inaweza kushika njia yake kwa usahihi wa kiasi gani, na itajua yenyewe ikiwa imeshindwa?

Usahihi huo hutajwa kwa namba. Katika safari ya masafa, kiwango kimojawapo kinachotumika sana huitaka ndege isitoke nje ya maili 5 za baharini, yaani kilomita 9 na kidogo, kila upande wa mstari wake, kwa angalau asilimia 95 ya muda wa safari. Karibu na uwanja kiwango hushuka hadi maili 1. Katika hatua ya mwisho ya kuja kutua, kiwango cha kawaida ni maili 0.3, ambayo ni takriban mita 556. Viko hata viwango vya maili 0.1 kwa viwanja vilivyobanwa na milima, navyo huhitaji idhini ya pekee kwa ndege na kwa marubani. Mfano wa mwanzo kabisa ulikuwa Juneau, katika jimbo la Alaska nchini Marekani, ambako mwaka 1996 ndege za abiria zilianza kuteremka kwa namna hii katika mlango mwembamba wa bahari wenye milima pande zote mbili.

Aliyepanda basi kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za kona upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo, hahitaji kuelezwa zaidi maana ya kushika upande wako. Tofauti ni kwamba dereva wa basi anauona ukingo. Rubani aliye ndani ya wingu hauoni. Kwa hiyo viwango vikali zaidi hudai jambo la nyongeza: ndege yenyewe iuchunguze usahihi wake wakati wote, na iwaonye marubani mara tu isipoweza kuudhamini. Onyo hilo likitokea katika hatua ya mwisho, na uwanja haujaonekana, rubani aliyefunzwa hana la kujadili. Hupaa.

Ramani iliyokosea mita 300

Kabla rubani hajaketi kitini, watu ambao abiria hatawaona kamwe huwa wamekwisha kufanya kazi ndefu. Wa kwanza ni wapimaji.

Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda zilitengenezwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Setilaiti hutumia mfumo mwingine, WGS-84. Nukta ileile ya ardhi, ikisomwa katika mifumo hii miwili, huweza kutofautiana kwa takriban mita 300, hasa katika mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwa mkulima anayetafuta mpaka wa shamba hilo ni jambo la kugombana na jirani. Kwa ndege ambayo njia yake ya mwisho ina mita 556 kila upande, zaidi ya nusu ya upana huo ingekuwa imeliwa na kosa la ramani kabla ndege haijaondoka. Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilizitaka nchi zote zitumie mfumo wa WGS-84 katika taarifa za anga kuanzia tarehe 1 Januari 1998, na ndiyo maana viwanja vyetu hupimwa upya kwa uangalifu. Mtaalamu anayechukua namba kutoka ramani kuukuu bila kuuliza imetoka katika mfumo gani anaweza kuzaa hatari ambayo haitaonekana mpaka siku ya ukungu.

Wa pili ni wasanifu wa taratibu za kuruka na kutua. Hawa huchukua vilima, miti, majengo na minara, kisha huchora njia ambayo chini yake daima kuna nafasi ya usalama. Katika ardhi ya kawaida nafasi hiyo, kwa safari ya masafa, ni angalau mita 300. Katika milima mirefu huongezwa hadi mita 600, kwa sababu upepo unaopanda na kushuka miteremkoni huweza kuiyumbisha ndege na kuvuruga usomaji wa mwinuko. Usambara ya Magharibi inaanzia tambarare na kuinuka hadi zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hivyo wasanifu huiangalia kwa jicho la milima hasa.

Hapa wakazi wa Lushoto, Bumbuli na Korogwe wanahusika moja kwa moja. Kilele kinachofaa kwa mnara wa simu au wa redio mara nyingi ni kilekile ambacho msanifu amekihesabu kuwa ndicho kirefu kuliko vyote katika eneo lake. Mnara ukisimikwa juu yake bila taarifa, hesabu yake imebatilika. Ndiyo maana ujenzi wa minara na majengo marefu huhitaji kibali cha urefu kutoka kwa Mamlaka. Ukiombwa kukodisha shamba lako la kilimani kwa ajili ya mnara, muulize mwombaji kama anacho kibali hicho, na uombe kukiona. Ni swali la haki, wala halimfukuzi mwekezaji mwaminifu.

Herufi moja, tarakimu moja

Tunafika kwa marubani na waongoza ndege. Tunaomba msomaji avumilie mifano miwili ya nchi za mbali, kwa sababu inaonyesha bayana kwamba setilaiti na kompyuta hazimwondoi mwanadamu katika usalama.

Tarehe 20 Desemba 1995 ndege ya abiria ilikuwa ikikaribia mji wa Cali nchini Kolombia, katika bonde lililo kati ya milima, usiku. Marubani walitaka kuelekea kwenye mtambo wa redio uitwao Rozo. Waliandika herufi R katika kompyuta, wakachagua jina la kwanza kwenye orodha iliyotokea. Jina hilo lilikuwa la mtambo mwingine kabisa, Romeo, ulio karibu na Bogotá. Kompyuta ilitii. Iligeuza ndege kuelekea mashariki, kwenye mlima, na marubani walipogundua walikuwa wamechelewa. Kati ya watu 163 waliokuwamo, 159 walifariki. Vifaa havikuharibika. Kompyuta ilifuata kwa usahihi kamili njia ambayo haikupaswa kufuatwa.

Mfano wa pili ni wa karibuni, nao haukumuua mtu. Tarehe 23 Mei 2022, ndege aina ya Airbus A320 ilikuwa ikija kutua katika uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, kwa njia ya setilaiti, mvua ikinyesha. Katika aina hiyo ya kutua, mahali pa ndege upande wa kulia na kushoto hutoka kwa setilaiti, lakini mwinuko wake hutoka katika mgandamizo wa hewa. Rubani huambiwa kipimo cha mgandamizo cha saa hiyo na kukiingiza katika altimita. Mgandamizo ulikuwa hektopaskali 1001. Mwongoza ndege alitamka 1011. Hektopaskali 10 ni sawa na takriban mita 85 za mwinuko, na altimita iliwaonyesha marubani kwamba wako juu kuliko walivyokuwa. Vipimo vyao vyote vilikubaliana kwamba wako salama kwenye mteremko. Walipoamua kupaa kwa kutoiona njia ya kutulia, ndege ilifika futi 6 tu juu ya ardhi, yaani chini ya mita 2, ikiwa bado haijaufikia uwanja.

Kosa hilo la tarakimu moja ndilo sababu mafunzo ya urambazaji huu hayawezi kuwa ya marubani peke yao. Mwongoza ndege hufunzwa kwamba kipimo anachokitamka kwa mazoea, mara mamia kwa wiki, sasa ndicho kinachoishikilia ndege juu ya ardhi. Hufunzwa kusikiliza rubani anavyokirudia, si kukisikia tu. Mtaalamu wa hali ya hewa hufunzwa uzito wa namba anayoituma mnarani. Rubani naye hufunzwa kukilinganisha kipimo alichopewa na kile cha nusu saa iliyopita, na kushangaa kwa sauti pale namba zinaporuka ghafla. Tunasema kushangaa kwa sauti, kwa maana rubani msaidizi anayeona jambo na kunyamaza kwa kumstahi mkubwa wake ni hatari inayojulikana katika sekta hii, na sehemu nzuri ya mafunzo hutumika kuiondoa aibu hiyo. Katika jamii yetu, ambamo heshima kwa mkubwa ni malezi, somo hilo si jepesi. Tunaliona kuwa gumu kuliko hesabu za setilaiti.

Mambo mengine yanayofunzwa ni ya kila siku. Njia ya kutua haiandikwi kwa mkono nukta baada ya nukta. Huitwa nzima kwa jina lake kutoka katika hifadhi ya data ya ndege, kisha marubani wawili huilinganisha na karatasi. Hifadhi hiyo husasishwa kila baada ya siku 28 duniani kote, na iliyopitwa na tarehe hutazamwa kama dawa iliyokwisha muda wake. Kabla ya safari hukaguliwa kama setilaiti za kutosha zitakuwa angani saa ya kutua. Kisha, katika mtambo wa mafunzo unaoiga chumba cha rubani, mwalimu huukata mawimbi ya setilaiti wakati mbaya kuliko yote, ndege ikiwa chini, milima ikiwa kando, na mwanafunzi akiwa amechoka. Afanyalo mwanafunzi katika sekunde kumi zinazofuata ndilo litakaloamua kama amefaulu.

Wapi na nani

Msukumo wa dunia ulikuja mwaka 2010, pale mkutano mkuu wa 37 wa ICAO ulipoazimia kwamba kufikia mwaka 2016 kila mwisho wa njia ya kurukia unaotumiwa kwa vifaa uwe na utaratibu wa kutua wenye mwongozo wa mteremko. Nchi nyingi hazikutimiza lengo hilo kwa wakati. Barani Afrika kikwazo kimoja kikubwa kilikuwa uhaba wa watu: msanifu wa taratibu huchukua miaka kukomaa. Mwaka 2014 ulianza kazi Dakar, Senegal, mpango wa pamoja wa Afrika wa kusaidia nchi kusanifu taratibu hizo na kuwalea wasanifu wake. Katika kanda yetu, waongoza ndege na wataalamu wa taarifa za anga wa Tanzania hufundishwa katika Chuo cha Usafiri wa Anga Tanzania kilichopo Dar es Salaam. Uganda ina chuo cha Soroti, kilichoanza mwaka 1971 kama shule ya urubani ya Afrika Mashariki, na Kenya ina chuo chake Nairobi. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina pia wakala wa pamoja wa usimamizi wa usalama wa anga, wenye makao Entebbe. Wakaguzi wetu wenyewe hufunzwa, kwa kuwa haifai mkaguzi aidhinishe asichokielewa.

Kurudi kwenye wingu

Sasa tunaweza kujibu swali la mwanzo. Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, kwamba wingu limekaa mita 130 juu ya uwanja. Shirika la kwanza lina ndege, idhini na marubani waliofunzwa kuteremka kwa mwongozo wa mteremko hadi mita 90. Shirika la pili lina idhini ya njia isiyo na mwongozo huo, na kiwango chake cha chini ni mita 170. Ndege ya kwanza hutoka chini ya wingu, rubani akaiona njia, akatua. Ndege ya pili hufika mita 170 ikiwa bado ndani ya wingu, na hapo sheria na mafunzo humwamuru rubani apae. Wote wawili wamefanya kazi yao sawasawa. Ambaye angefanya kosa ni wa pili, endapo angeshuka mita 40 zaidi kwa kuwa ndege iliyomtangulia imetua.

Huweza pia kutokea kwamba ndege zinafanana kabisa, lakini rubani mmoja amemaliza mafunzo na mwenzake bado, au muda wa kupimwa kwake upya umepita. Idhini haitolewi kwa ndege pekee. Hutolewa kwa shirika, katika masharti yanayoambatana na cheti chake cha uendeshaji, baada ya Mamlaka kukagua vifaa, miongozo, mpango wa mafunzo na kumbukumbu za kila rubani. Shirika linalonunua ndege ya kisasa na kuchelewesha mafunzo halitakuwa na ruhusa ya kutumia sehemu ya ilichokinunua. Abiria atalipa gharama ya ucheleweshaji huo kwa saa zake, na kwa maoni yetu ni haki yake kulalamika juu ya jambo hilo, mradi asimlalamikie rubani aliyepaa.

Ndege ndogo ya kukodi

Yaliyosemwa hadi hapa yanahusu zaidi ndege zinazoruka kwa vifaa. Ndege ndogo za kukodi mara nyingi huruka kwa kuona, na rubani wake hapaswi kuingia wingu hata kidogo. Lushoto haina safari za ndege za ratiba. Hata hivyo tambarare iliyo chini ya milima, pwani ya Tanga na mbuga za kaskazini hutumiwa na ndege ndogo, na ni humo ambamo neno la abiria lina uzito kuliko anavyodhani.

Fikiria ndugu watano walioko Dar es Salaam. Mama yao amefariki Mlalo, maziko ni saa kumi jioni. Wanachangishana, wanakodi ndege hadi kiwanja kidogo kilicho tambarareni, ili wapande milima kwa gari. Njiani mawingu yameshuka hadi kwenye miteremko. Rubani anasema atatua Tanga mjini, kutoka huko waende kwa barabara kupitia Segera, Korogwe na Mombo. Kaka mkubwa anasihi. Anamwonyesha rubani ramani ya simu yake, nukta ya buluu ikionyesha barabara iko hapo tu. Simu inasema kweli kuhusu mahali. Haisemi neno juu ya kilima kilicho mbele, haina nafasi ya usalama iliyohesabiwa na msanifu, na haitamwonya mtu inapokosea. Kaka hana nia mbaya, ana msiba. Lakini rubani aliye peke yake, kijana pengine, mbele ya wafiwa waliomlipa, yuko katika shinikizo ambalo hakuna mtambo wa mafunzo unaoliiga vilivyo. Abiria anayemwambia, "Mwanangu, fanya uonavyo salama, sisi tutafika tu," amemwondolea mzigo mkubwa.

Kabla ya kulipa fedha ya kukodi ndege, taja jina kamili la kampuni na utuulize kama ina cheti hai cha uendeshaji. Muulize mwenye ndege safari hiyo itaendeshwa kwa vifaa au kwa kuona, na ikiwa hali ya hewa itafunga, ndege itatua wapi, na nani atagharamia usafiri wa kutoka hapo. Majibu yaandikwe kwenye makubaliano au risiti. Mtu anayekujibu kwamba rubani wake "hashindwi na mawingu" amekwisha kukupa sababu ya kutafuta ndege nyingine.

Kwa safari za ratiba, ndege yako ikigeuzwa, omba kuelezwa sababu, na uliza shirika limepanga nini kuhusu chakula, malazi na safari ya kuendelea. Tunza tiketi, kipande cha kuingilia ndegeni na risiti za ulichotumia. Malalamiko yaanze kwa shirika lenyewe kwa maandishi. Usiporidhika, yalete kwa Mamlaka yakiwa na namba ya safari, tarehe, uwanja uliokusudiwa na uwanja mliotua. Ukiweza, andika pia saa ambayo ndege ilipaa tena. Kwa saa hiyo wakaguzi wanaweza kufungua kumbukumbu za mnara na za hali ya hewa, wakaona wingu lilikuwa wapi na ndege yako iliruhusiwa kushuka hadi wapi.